Unasoma C? Achana na ile skrini ya buluu

Kama unasoma lugha ya C chuoni, huenda ushaonyeshwa Turbo C++. Skrini ya buluu, clrscr() juu, getch() chini, kisha unapewa alama. Chuo nilichosoma kabla niache ilikuwa hivyo hivyo. Kwa maoni yangu, hapo unapotezewa muda na karo umelipa.

Lugha yenyewe haina shida. Dennis Ritchie aliiunda Bell Labs, Marekani, mwaka wa 1972, na hadi leo kiini cha Linux, ambacho ndicho kinaendesha simu yako ya Android, kimeandikwa kwa C. Ni mzee ambaye bado yuko kazini. Lakini Turbo C++ ya Borland ilitoka 1990, enzi za DOS, na mashine ya sasa inaifungua tu kupitia DOSBox, programu inayojifanya kompyuta ya zamani.

Ingekuwa ni sura tu, ningenyamaza. Jaribu hii: rent ni 20,000, zidisha kwa miezi miwili, weka jibu kwenye int. Humo int inaishia 32,767, kwa hivyo badala ya 40,000 unaona -25,536. Yaani landilodi ndiye ana deni lako! Kwa GCC kwenye laptopu ya leo, int inapita bilioni mbili. Na hiyo clrscr() si sehemu ya C sanifu. Ukiiandika kwa interview kwenye mashine ya Linux, inakataliwa hapo hapo.

Jua hili kwanza: edita ni mahali pa kuandikia, kompaila ndiyo inageuza ulichoandika kiwe programu. Turbo iliviweka chungu kimoja, ndiyo maana wengi hudhani ni kitu kimoja. Unaweza kuandikia popote, kisha upitishe kwa GCC.

VS Code? Ni safi, kama RAM unayo. Lakini ndani yake kuna kivinjari kizima, na kwa laptopu ya mtumba ya 4GB utasikia feni ikilia kama posho mill. Geany ni nyepesi, ina menyu, ina kitufe cha kukompaili. Anzia hapo.

Kura yangu lakini ni Vim. Babu yake, vi, iliandikwa na Bill Joy mwaka wa 1976 kwa modemu ya kasi ya konokono, ndiyo maana hata kwa seva ya mbali na bando duni haikusumbui. Vim yenyewe ilitolewa 1991 na Bram Moolenaar, Mholanzi. Ukiifungua bila faili inakuomba usaidie watoto maskini Uganda. Si utapeli, bana. Moolenaar, aliyefariki 2023, alijitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na badala ya kuuza programu yake akaomba wanaoitumia wachangie watoto wa huko. Hapo jirani tu, na ni wangapi kwetu wanajua?

Huna laptopu? Weka Termux kwa simu, andika pkg install clang vim. Kibodi ya simu ni mateso, hilo sitakuficha.

Ukikwama ndani ya Vim, na utakwama, bonyeza Esc, andika :q! kisha Enter. Na mwalimu akitaka clrscr() kwa mtihani, mwandikie kwenye karatasi uchukue alama zako. Nyumbani ni int main(void).