Sampula nafuu inamtosha msanii wa jukwaani

Msanii anayepanda jukwaani na wimbo uliorekodiwa wote ndani ya flashi amelikabidhi faili uendeshaji wa shoo yake. Hadhira ikipandwa na mori kwenye kiitikio, hawezi kukirudia. Ikipoa kwenye ubeti wa pili, hawezi kuufupisha. Wengi huamini kwamba dawa pekee ni bendi kamili, lakini bendi huja na mazoezi, usafiri na posho za watu kadhaa, mzigo usiobebeka kwa kijana anayelipwa shoo moja moja. Ipo njia ya katikati, nayo ni sampula: mashine ndogo inayohifadhi vipande vya sauti na kuvitoa kila pedi inapobonyezwa, bila kompyuta mpakato pembeni. Nashikilia kwamba kwa kazi hiyo mashine ya bei nafuu inatosha, mradi mnunuzi aipime kwa mahitaji ya jukwaa, asivutwe na wingi wa sifa zilizoandikwa kwenye boksi.

Historia ya mashine hizi inaonyesha kuwa uwezo mdogo haukuzuia muziki mzuri. E-mu SP-1200, iliyotoka mwaka 1987, ilikuwa na nafasi ya takriban sekunde 10 tu za sauti, na juu ya sekunde hizo watayarishaji wa hip hop wa New York, akiwemo Pete Rock, walijenga mdundo unaoigwa hadi leo. Mwaka 1988 Akai ilitoa MPC60, iliyobuniwa na Roger Linn, ikiwa na pedi 16 za kupigwa kwa vidole. Bei yake ilikuwa kama dola 5,000 za Marekani, fedha ambayo wengi hawakuwa nayo. Mashine ndogo zilizofuata zilifungua mlango huo kwa watu wa kawaida. Mtayarishaji Madlib alitengeneza baadhi ya biti za albamu ya Madvillainy ya mwaka 2004 akiwa safarini Brazili, kwa Boss SP-303 inayobebeka kwenye begi. Ras G wa Los Angeles naye alijulikana kwa kuipiga Roland SP-404 mbele ya watu kama wengine wanavyopiga ngoma. Hawa wote walikaa na chombo kimoja kwa muda mrefu, mpaka vidole vikawa vinajua pa kwenda vyenyewe.

Kipimo cha kwanza cha mnunuzi, basi, kiwe mkono. Je, pedi ni kubwa kiasi cha kupigwa bila kuinamisha kichwa? Je, nyimbo zote za shoo zinaingia mahali pamoja, au kila wimbo unaleta ukimya mashine ikipakia faili? Roland SP-404MKII, iliyotoka mwaka 2021 kwa takriban dola 500, inabeba vipande 160 ndani ya mradi mmoja, kwa hiyo shoo ya nusu saa inaweza kupita bila kufungua mradi mwingine. Teenage Engineering EP-133, ya mwaka 2023, ilianza kuuzwa kwa dola 299 na ina vitufe vinavyolingana na vidole vya mtu mzima. Ndogo zaidi kutoka kampuni hiyohiyo, PO-33, iliuzwa kwa dola 89, lakini hifadhi yake ni sekunde 40 na vitufe vyake ni vidogo mno. Inafaa kujifunzia au kupamba wimbo, si kuendesha shoo nzima. Korg Volca Sample 2 inahifadhi sekunde 130 na haina njia ya kurekodi sauti moja kwa moja, hivyo inamfaa anayehitaji milio mifupi ya ngoma kuliko anayetaka viitikio virefu. Mwimbaji anayetaka kuushika wimbo wake mkononi atafute SP-404MKII kama fedha ipo, na EP-133 kama haitoshi.

Kipimo cha pili ni umeme na kebo, mambo yanayosahaulika dukani. Mashine zote nne nilizozitaja zinaweza kutumia betri za kawaida, na hiyo ni faida kubwa mahali ambapo umeme hukatika au soketi pekee iko nyuma ya jukwaa. Kwa upande wa sauti hazifanani: SP-404MKII ina matundu makubwa ya jeki ambayo fundi mitambo yeyote anayafahamu, ilhali nyingine hutoa sauti kwa tundu dogo kama la spika za masikioni. Anayenunua hizo ahesabu pia bei ya kebo imara ya kugawa sauti kushoto na kulia, maana kebo dhaifu huweza kuiharibu shoo nzuri.

Yupo atakayeniuliza: kwa fedha hiyohiyo si bora laptopu iliyotumika, yenye uwezo mara mia? Na atanielekeza kwenye muziki wa singeli. Watayarishaji wa Dar es Salaam, wakiwemo wa Sisso Studios, hupiga mapigo yanayovuka 200 kwa dakika wakiwa na laptopu, na hakuna anayeweza kusema kwamba hawapigi muziki wa moja kwa moja. Ni hoja nzito, na naikubali. Lakini tuangalie wanavyofanya: hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wa kompyuta, wakairudia mpaka kibodi ikawa ala. Wamejiwekea mipaka wenyewe, kwa nidhamu ya miaka. Sampula humpa anayeanza mipaka hiyo tangu siku ya kwanza, wala haimletei ujumbe wa kusasisha programu katikati ya wimbo.

Mwingine atasema kwamba vipande vyenyewe huandaliwa kwenye kompyuta, hivyo hatujaikwepa. Kweli, ila mpishi hahamishii jiko mezani kwa wageni. Kompyuta ibaki studio ifanye kazi yake huko. Hofu ya kukosea mbele ya watu nayo ni ya haki, kwa sababu pedi ikibonyezwa kabla ya wakati kila mtu atasikia. Jibu lake ni kuanza na vipande vitatu kwa kila wimbo, mdundo, besi na kiitikio, kisha kuongeza kadiri mkono unavyozoea, huku flashi yenye nyimbo zote ikiwa mfukoni kwa dharura. Anayenunua mtumba abonyeze kila pedi na kuzungusha kila kitasa kabla ya kulipa.

Waandaaji wa matamasha nao wana wajibu wao: meza imara, chaneli mbili kwenye mixa na dakika chache za kujaribu sauti. Msanii kwa upande wake aweke ukomo wa bajeti kabla ya kuingia dukani, na asiitumie yote kwenye mashine. Kiasi kinachobaki kilipie kebo, betri na saa za mazoezi, kwa kuwa hadhira haitajua mashine iligharimu dola ngapi, lakini itajua mara moja kama anayeipiga ameizoea.