Afya ya uzazi ya vijana: SMS peke yake haitoshi kama kituo cha afya kimefungwa

Msichana aliyebakwa ana saa 72 za kuanza dawa zinazoweza kumkinga na virusi vya ukimwi. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kinaweza kumezwa mpaka siku tano baada ya tendo, lakini nguvu yake inapungua kadiri saa zinavyopita. Habari hizi mbili zinaingia ndani ya SMS moja. Hata hivyo, mashariki mwa Congo wako wasichana wanaofika hospitali wakiwa wamechelewa, na wengine hawafiki kabisa.

Ndiyo sababu mashirika mengi yanatazama simu ya mkononi kama njia ya kuwafikia vijana wa miaka 10 hadi 19 kwa habari za hedhi, mimba, magonjwa ya zinaa na ubakaji. Simu inaingia mahali ambapo mwalimu anaona haya kusema na mzazi anaogopa kusema. Lakini uzoefu wa Congo na wa nchi nyingine za Afrika unaonyesha kwamba simu inasaidia pale tu mambo matatu yanapotimia: kijana awe na simu mkononi kwa siri, awepo mtu wa kumjibu, na kituo cha afya anachotumwa kiwe na dawa.

Mimba za mapema bado ni nyingi

Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba, kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini Congo, 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Kati ya wanawake walioolewa, ni 8 hivi tu kwa 100 waliokuwa wakitumia njia za kisasa za kupanga uzazi.

Mimba ya umri huo si aibu ya familia tu. Shirika la Afya Duniani linahesabu matatizo ya mimba na ya kujifungua kati ya sababu kubwa za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19 duniani. Anayepona anaweza kubaki na fistula, yaani tundu linalofanya mkojo au choo kutoka bila kizuizi, baada ya uchungu wa siku nyingi bila msaada. Hospitali ya Panzi kule Bukavu na HEAL Africa mjini Goma zinajua vizuri ugonjwa huo.

Vita vimeongeza uzito. Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, benki zilifungwa na uwanja wa ndege wa Goma ukasimama. Kwa familia nyingi, simu ndiyo iliyobaki kuwa njia ya kupata habari na ya kupokea fedha pia.

Nani anashika simu?

Congo si mgeni katika jambo hili. Mwaka 2005, shirika la PSI na mshirika wake ASF walianzisha Ligne Verte, laini ya bure ya maswali juu ya kupanga uzazi, kwa ushirikiano na Vodacom. Sehemu kubwa ya waliopiga simu walikuwa wanaume, ingawa dawa zenyewe hutumiwa zaidi na wanawake.

Matokeo hayo yanaweza kusomwa kwa njia mbili. Kwanza, wanaume na vijana wa kiume wana maswali mengi, na si sawa kuwaacha nje kana kwamba mimba ni kazi ya msichana peke yake. Pili, anayeshika simu ndiye anayepata habari. Katika nyumba nyingi, simu ni ya baba au ya kaka mkubwa. Msichana anaiomba kwa dakika chache, na anairudisha. Ujumbe unaoandika “njia za kuzuia mimba” ukiingia saa mbili za usiku, atakayeusoma kwanza huenda siye aliyeuomba.

Kwa hiyo mradi unaomtumia kijana ujumbe bila kumuuliza saa ya kumwandikia unaweza kumletea kipigo badala ya msaada. Njia salama zaidi ni ile ambayo kijana mwenyewe anaanzisha: anapiga au anaandika anapokuwa peke yake, anapata jibu papo hapo, anafuta. Katika maeneo ambapo simu hupekuliwa kwenye vizuizi vya barabarani, kufuta ujumbe ni sehemu ya usalama wake.

Gharama nayo ni kizuizi. Wakongomani hawajasahau kodi ya RAM iliyokata krediti za simu tangu 2020, mpaka ikaondolewa mwaka 2022 baada ya malalamiko makubwa. Kijana anayenunua mega za franka chache hawezi kufungua video ndefu wala kupakua programu nzito. Simu ndogo isiyo na intaneti, yenye SMS na sauti za bure, inafika mbali kuliko programu nzuri ya Kifaransa iliyotengenezwa Kinshasa au Ulaya.

Kumjibu ni bora kuliko kumhubiria

Mjini Accra, Ghana, mwaka 2014, watafiti walifanya jaribio katika shule 38 na wasichana 756. Kundi moja lilipokea ujumbe wa mafundisho kila wiki. Kundi la pili lilipokea maswali, likajibu kwa SMS, likapata sahihisho na zawadi ndogo ya krediti. Kundi la tatu halikupata mafundisho hayo. Baada ya miezi mitatu, maarifa ya waliopokea mafundisho tu yalipanda kwa pointi 11 kuliko ya kundi la tatu, na ya waliojibu maswali kwa pointi 24. Mwaka mmoja baadaye, kati ya wasichana waliokuwa wamekwisha kuanza ngono, wale waliopokea SMS walitaja mimba chache zaidi.

Mtu anayeulizwa na kujibiwa hujifunza kuliko anayehubiriwa. Hapa nyumbani, njia za namna hiyo zipo: U-Report ya UNICEF huwauliza vijana maoni kwa ujumbe wa bure, na laini ya bure ya watoto Tukinge Watoto, iliyoanzia Bukavu kwa msaada wa War Child, iliweka mtu wa kusikiliza upande wa pili. Laini inayoita bila kupokelewa inamfundisha kijana kwamba hakuna anayemjali, na hatapiga tena.

Lugha nayo ina uzito wake. Tanzania na Kenya zilianza mwaka 2010 huduma ya SMS ya m4RH, ambamo mtu aliomba habari za njia za kupanga uzazi, hata kwa Kiswahili. Lakini haifai kuchukua maneno ya Dar es Salaam na kuyamwaga Butembo. Mtanzania anaposema “vidonge vya majira”, “kijiti” au “kitanzi”, anaeleweka kwao. Kijana wa Beni au wa Uvira, ambaye kwenye kituo cha afya husikia majina ya Kifaransa, anaweza kudhani ni mambo mengine kabisa. Ujumbe wa mashariki mwa Congo unapaswa kuandikwa pamoja na vijana wa huku, na kusomwa kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma.

Sheria ipo, hofu ipo

Sheria haikatazi tena kuzungumza. Sheria ya afya ya umma ya Disemba 2018 inatambua haki ya kupata njia za kuzuia mimba. Mwaka huohuo, Protokali ya Maputo juu ya haki za wanawake ilitangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Kanuni ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 inaweka umri wa ndoa kuwa miaka 18 kwa wote.

Lakini sheria ya 2006 juu ya ukatili wa kingono inahesabu ngono na mtoto wa chini ya miaka 18 kuwa ubakaji. Inawalinda wasichana dhidi ya watu wazima, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, muuguzi anaweza kuogopa kumpokea msichana wa miaka 16 mwenye rafiki wa rika lake, naye msichana anaogopa kuulizwa jina la kijana huyo. Isitoshe, vituo vingi vya afya vinasimamiwa na makanisa, na si vyote vinavyotoa njia zote. SMS inayosema “nenda kituo cha karibu” bila kujua kituo kipi kinapokea vijana ni ahadi ya uongo.

Wazazi na wachungaji wanaosema kwamba mafundisho haya yanawasukuma watoto kwenye ngono wanastahili kusikilizwa, kwa kuwa hofu yao inatokana na upendo. Jibu ni kwamba kijana hakosi habari: anazipata kwa wenzake na kwenye video za aibu, ambako anaambiwa kwamba msichana habebi mimba mara ya kwanza. Uongo huo umewatoa shuleni wasichana wengi.

Simu inayolipa pikipiki

Kuna kazi moja ya simu inayosahaulika: fedha. Nchini Tanzania, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2009 kutuma nauli kwa M-Pesa ili wanawake wenye fistula wafike kutibiwa. Mtu wa kijijini aliyewatambua alipokea fedha, akawapandisha basi. Hapo simu iliwatoa wagonjwa kijijini na kuwafikisha kwenye kitanda cha hospitali.

Huku, Airtel Money, M-Pesa na Orange Money zinajulikana mpaka kwenye masoko ya vijijini. Laini inayopokea simu ya msichana aliyebakwa Kalehe au Mambasa ingeweza kumlipa mtu wa pikipiki papo hapo, na kumjulisha muuguzi kwamba anakuja, kabla saa 72 hazijaisha. Hilo linahitaji fedha kidogo kuliko programu nyingi za intaneti, lakini linahitaji orodha ya kweli ya vituo vyenye dawa, inayosahihishwa kila wiki.

Viongozi wa maeneo ya afya na wafadhili wanapoletewa mradi mpya wa simu kwa vijana, wana haki ya kuuliza kwanza: Msichana asiye na simu yake atafanyaje? Nani atajibu saa nne za usiku, na kwa lugha gani? Kituo kitakachotajwa kina dawa leo? Mnara ukizimika, nani kijijini anajua la kufanya? Mradi usio na majibu ya maswali hayo utahesabu SMS zilizotumwa, huku wasichana wakiendelea kufika wamechelewa.