Historia Yetu Imefungiwa Getini

Mwaka wa 2013, serikali ya Uingereza ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya Wakenya 5,228 walioteswa enzi za Mau Mau. Kesi hiyo ya London ilisimama kwa ushahidi wa wazee wenyewe, na kwa wanahistoria waliofikisha utafiti wao mahakamani: Caroline Elkins, David Anderson na Huw Bennett. Huo ndio utafiti ninaouheshimu. Ulitoka kwenye rafu ukaenda kumtetea mtu.

Sasa niambie, mbona mwingine mwingi kutuhusu umefungiwa? Mimi niliacha chuo, na paswadi ya maktaba ikazimwa. Makala moja kuhusu kambi za kizuizini inauzwa kwa dola, tena kwa Kiingereza kizito. Shosho alimsimulia mtafiti bure, kwa lugha yake. Mjukuu ndiye analipishwa kusoma. Hiyo ni haki gani?

Na msituambie vijana hawasomi. Tunamaliza bando tukisoma kwa simu usiku kucha.

Wasomi, mkishahutubiana hotelini, rudini Nyeri na Murang'a. Andikeni kwa Kiswahili pia, mtoe bure. Aliyewasimulia bado anawadai, na deni hilo halilipwi kwa kumtaja kwenye shukrani.