Usinunue mto wa baridi kabla ya kujua joto latoka wapi

Yuko mchuuzi mmoja mjini Migori ambaye huuza mito ya kulalia anayoiita “mito ya baridi”. Mto wa baridi niujuao mimi pale Migori ni ule unaopita chini ya daraja, lakini tuache mzaha. Mteja huubonyeza mto kwa kiganja, akahisi ubaridi kweli, na kabla hajaondoa mkono bei imekwisha kupatanwa. Shemeji yangu aishiye Homa Bay alinunua mmoja. Nilipomtembelea baadaye niliukuta umetupwa juu ya kabati, naye analalia leso iliyokunjwa.

“Shemeji,” akaniambia, “ule mto ni wa baridi mpaka nianze kusinzia.”

Hakukosea. Aghalabu mito hiyo ni sponji iliyotiwa tabaka la jeli juu. Jeli huvuta joto la kichwa kama sakafu ya saruji inavyovuta joto la nyayo, ila tabaka lenyewe ni jembamba na hushiba upesi. Likishashiba huwa na joto sawa na la shavu lako, na chini yake iko sponji, ambayo huzuia joto lisipite. Katika chumba chenye kiyoyozi waweza kuugeuza mto upande wa pili ukapoa. Chini ya mabati yaliyochomwa na jua kutwa nzima, utapoa vipi?

Mwili wa binadamu hushusha joto lake, yapata digrii moja hivi, ili usingizi uingie na kutulia. Joto hilo hutokea kwenye ngozi, hasa ya mikono, miguu na uso. Jasho nalo hupoza pale tu linapokauka, na kando ya ziwa, ambako hewa ina unyevu mwingi, halikauki upesi. Kwa hiyo, msomaji, usimwulize mchuuzi kama mto ni baridi. Mwulize kama unapitisha hewa.

Kwa maoni yangu mto wa sufi bado haujapata mshindani. Nyuzi zake zina uwazi ndani, ni nyepesi, hazinywi maji, na hewa hupenya kati yake. Ubaya wake ni kwamba hufanya madonge, na vumbi lake huwasumbua wenye pumu. Pamba, zao ambalo wakulima wa Nyanza Kusini walilihangaikia miaka mingi, hunyonya jasho vizuri lakini hulihifadhi, na mto wake wataka kuanikwa juani mara kwa mara. Sponji iliyokatwakatwa ni afadhali kuliko ya kipande kimoja. Ile nzito inayobonyea ikashika umbo la kichwa ndiyo mbaya kuliko zote kwa mtu wa joto, maana hukumbatia shingo na masikio. Foronya nayo iwe ya pamba. Zile za kung'aa za poliesta huharibu kazi yote. Wazee wa Kipokot na Kiturkana wamezoea kulalia kigogo kidogo kinachoinua kichwa ili hewa ipite shingoni. Shingo zetu za mjini haziwezi, lakini kanuni ni hiyo hiyo. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe mto wa aina yoyote, maana waweza kumziba pumzi.

Hata hivyo, si mto ulionifanya nishike kalamu. Chumbani mwa shemeji chandarua kilikuwa kimefungwa fundo na kutundikwa msumarini. Alikitoa kwa sababu ya joto, na sina shaka wako wengi kama yeye. Ni kweli chandarua hupunguza upepo. Lakini ukanda huu wa ziwa ndio unaobeba mzigo mzito kabisa wa malaria nchini Kenya. Ni Homa Bay ambako chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini mwezi Septemba 2019, na nyumba za Migori zilipuliziwa dawa ukutani mwaka 2017. Mbu wa malaria huuma hasa usiku. Anayetupa chandarua ili apate upepo amewafungulia mbu mlango.

Chagua chandarua kipana cha pembe nne, ukitundike juu ili kisikuguse mwilini, na usogeze kitanda karibu na dirisha lenye wavu. Oga kabla ya kulala. Lau ningepewa zile pesa za mto wa jeli, ningezitia kwenye dari, kwani hata mikeka ya mafunjo iliyotandazwa chini ya mabati huzuia joto jingi.

Tena si kila jasho la usiku ni la hali ya hewa. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi huweza kuamka amelowa ilhali mumewe kajifunika blanketi, wala hiyo si aibu wala uchawi. Malaria yenyewe hutoa jasho. Ndipo nikamwuliza shemeji kama hulowa hata usiku wa mvua.

Akafikiri. “Hata wa mvua. Shuka nalikamua.”

“Na kikohozi je?”

“Kidogo tu, cha vumbi. Mwezi sasa.”

Suruali yake ilikuwa imekazwa mshipi hadi tundu la mwisho. Jasho la usiku, kukonda, na kikohozi kinachozidi wiki mbili ni dalili za kifua kikuu, na mito yote ya Migori haiwezi kuziondoa. Asubuhi yake tulikwenda hospitali akapimwa makohozi. Ugonjwa ulikuwapo. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali, na kwa kawaida humezwa miezi sita bila kukatiza. Mkewe na watoto nao walipimwa. Sasa amebakiza miezi miwili, na chandarua kimeshuka kutoka msumarini.