Kabla ya nyundo, nunua kufuli

Kwa wengi wetu tunaoishi mitaani hapa Nairobi, gareji si ya gari. Ni ghala la magunia matupu, baiskeli mbovu na kochi ambalo mama watoto amekataa litupwe. Na bado kila mwezi tunamlipa fundi kwa kazi ndogo ndogo ambazo tungezifanya wenyewe tungekuwa na mahali pa kusimama.

Nilipoanza karakana yangu, nilikosea pale penye hatari zaidi. Nilitia mafuta taa ya kuoshea brashi katika chupa ya soda, nikaiacha sakafuni. Jumamosi moja kitinda mimba wangu alitoka kucheza mpira akiwa na kiu, akaifungua. Mama yake alimpokonya chupa ikiwa tayari mdomoni.

Kwa hivyo, msomaji wangu, kabati lenye kufuli ndilo la kwanza. Rangi, tindikali na mafuta vikae humo, katika vyombo vyake vya asili. Mtoto akimeza mafuta taa usimtapishe, kwani akitapika huweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali mara moja.

Sasa tugeukie sakafu. Ikiwa ni ya udongo, ishindilie vyema, kisha umwage zege la unene wa nchi 4: ndoo moja ya simiti, mbili za mchanga na nne za kokoto. Ipe mteremko kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Imwagilie maji kwa siku 7 wala usiwe na pupa. Zege likikauka haraka hupasuka.

Kuta zipige lipu, kisha uzipake rangi nyeupe. Utashangaa jinsi taa moja itakavyotosha.

Kuhusu stima, usifanye mzaha. Ni volti 240, na haimjui mwenye nyumba. Usivute waya kutoka jikoni ukaupitishia dirishani. Mwite fundi mwenye leseni akuwekee laini ya peke yake yenye waya wa ardhini. Ukilazimika kutumia waya wa kurefusha, ukunjue wote, maana ukizungushwa kama kamba huku ukivuta mzigo mkubwa hupata moto hata ukayeyuka.

Meza ya kazi itakupunguzia maumivu ya mgongo ukiipima kwa mwili wako. Simama wima, mikono ikining'inia, na usawa wa kifundo cha mkono ndio kimo chake. Ifunge ukutani kwa bolti ili isicheze unapokata mbao, halafu ufunge jiliwa kwenye kona. Vifaa usivinunue vyote kwa siku moja. Nyundo, msumeno, bisibisi, koleo na futi vinatosha kuanzia. Gikomba haihami.

Jambo la mwisho ni hewa. Usiwashe injini ya gari wala jiko la makaa mlango ukiwa umefungwa, hata kama kuna baridi ya Julai. Gesi ya kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki, nayo huua mtu akidhani ni usingizi tu.

Yule mwenye kiu siku hizi ana nyundo yake ndogo, imetundikwa kwenye msumari alioupigilia mwenyewe. Ufunguo wa kabati, hata hivyo, ungali mfukoni mwangu.