Ukimpiga Mdogo Wako, Akimbilie Wapi?

Vijana wenzetu wa Kitale, Bungoma na popote mlipo.

Leo tuwaache polisi kidogo. Tuzungumze kuhusu nyumbani kwetu.

Wiki iliyopita tukigawa unga na sabuni mtaani Kitale, tulimkuta binti mdogo jicho limevimba. Mama akasema ameanguka. Tulipokuwa tunaondoka, mdogo wake akatunong'oneza: "Ni kaka. Alimaliza bando za kaka." Bungoma nako tumesikia visa kama hivyo: ugomvi wa rimoti, chaja, zamu ya kuosha vyombo, kisha ni mshipi, mwiko, ngumi. Ukiuliza wakubwa unaambiwa, "Hayo ni mambo ya watoto, watamalizana wenyewe."

Watamalizana! Mauaji ya kwanza duniani yalikuwa ya ndugu wawili, Qabil na Habil.

Ndugu kukosana si jambo geni, sote tumelelewa hivyo. Lakini angalia mtoto alibaki na nini mwaka wa 2020. Shule zilifungwa Machi, na Waziri Magoha alitangaza Julai kwamba hazitafunguliwa mpaka Januari 2021. Misikiti ilianza kufunguliwa, lakini walio chini ya miaka 13 hawakuruhusiwa kuingia, na madrasa zilibaki zimefungwa. Kabla ya hapo mtoto akipigwa usiku, asubuhi mwalimu angeiona alama, jioni ustadhi angemuuliza. Mwaka huo aliyemwona alikuwa yule yule aliyempiga. Na ilipofika saa tatu usiku, kafyu ilimzuia hata kukimbilia kwa shangazi mtaa wa pili.

Tunajua hali ilikuwa ngumu. Kibarua kilikuwa kimeisha, chuo kimefungwa, mlikuwa watu saba ndani ya vyumba viwili. Hasira zilikuwepo, hatukatai. Lakini mdogo wako hakuleta korona. Si yeye aliyekufuta kazi.

Tarehe 30 Machi mwaka huo mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi, polisi wakisimamia kafyu. Akafariki. Tulilia, tukaandika, tukadai haki, na tulikuwa sawa kabisa. Basi tutadaije polisi waache kuwapiga watoto wetu, halafu sisi wenyewe tukifunga mlango tunawapiga? Dhulma haibadiliki jina kwa sababu aliyeifanya ni wa tumbo moja.

Kuna wanaosema, "Namfundisha adabu." Anas bin Malik (RA) alimtumikia Mtume (SAW) miaka 10 tangu akiwa mtoto, na alisimulia kwamba hakuwahi kusikia kwake hata neno dogo la kuudhika. Adabu hiyo ilifundishwa bila mshipi. Na Mtume alipotuamrisha tumsaidie ndugu yetu hata akiwa dhalimu, maswahaba waliuliza watamsaidiaje, akawaeleza: kwa kumzuia asidhulumu. Kwa hivyo wewe unayeketi hapo ukitazama mmoja akimpiga mwingine, una kazi ya kufanya.

Wazazi wetu, kumbukeni Nabii Yaaqub. Wanawe walimletea kanzu ya Yusuf ikiwa na damu ya uongo, naye hakudanganyika. Nanyi msikubali haraka neno "ameanguka". Mwiteni mtoto peke yake, mketi naye, mumuulize. Na mkitoka kwenda sokoni, msimwachie kijana mkubwa nyumba pamoja na ruhusa ya kuchapa.

Sheria nayo iko wazi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinamlinda kila mtoto dhidi ya ukatili wa aina zote. Sheria ya Kukinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 haihusu mume na mke tu, inahusu watu wa familia.

Kama unapigwa, au ni jirani unasikia kilio kila usiku, piga 116. Ni bure, mchana na usiku. Iko pia 1195. Mwambie imamu, mwambie ustadhi wako wa zamani, nenda ofisi ya watoto. Kusema si kuvunja heshima ya familia. Heshima ilivunjwa na mkono uliopiga.

Kama wewe ndiye unayepiga, hatukuandikia ili kukutukana. Hasira ikipanda, kama umesimama kaa chini, tia udhu, toka nje upate hewa. Lakini kabla ya hapo kuna deni. Ndugu zake Yusuf walisamehewa, ila kwanza walikiri kwamba walikosea. Leo baada ya Maghrib, mwite mdogo wako mbele ya mama, umwambie, "Nilikukosea." Najua ni maneno mazito kwa kaka mkubwa. Yaseme tu.

Mitaa tutaendelea kuitetea, inshallah. Tuanze na chumba tunacholala.

Wabillahi tawfiq.