Mwezi Ukiwaka, Nansio Imechacha!

Leo twende Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, mwendo wa saa tatu hivi kwa meli kutoka Mwanza. Ukienda kule kudai deni, kwanza tazama juu!

Mimi yalinikuta. Nilishuka gatini kwa mbwembwe, nikijua shangazi atanilipa fedha zangu. Nikampigia shikamoo, akaitika, kisha akanyoosha kidole mbinguni. "Baba, huoni mwezi ulivyowaka? Fedha itoke wapi?"

Nikadhani ananizuga. Kumbe bwana, dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa majini, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola na betri. Dagaa wanaufuata mwanga kama watoto waliosikia ngoma, wavu unawazoa. Mwezi mpevu ukimulika ziwa zima, taa haina kazi. Mitumbwi inapandishwa mchangani, vijana wanashona nyavu na kucheza drafti.

Basi mji mzima hoi! Mama ntilie anapika nusu sufuria, kinyozi anasinzia kwenye kiti cha wateja, baa muziki unawapigia wahudumu wenyewe. Mkerewe, Mjita, Mkara, wote wanaongea kwa upole. Labda mwenye michungwa na mihogo yake, huyo mwezi haumsumbui sana.

Nikaamua kungoja giza. Lilipofika, shangazi akachukua mabeseni manne ya dagaa wabichi kwa mkopo, akaanika mchangani. Jua kali la siku moja lingetosha. Saa nane mchana, mvua hiyo! Tukakimbia na maturubai, mimi na raba zangu za mjini, lakini wapi. Zaidi ya nusu wakalowa na kujaa mchanga. Dagaa safi ni kitoweo cha watu. Hawa wakabebwa na mnunuzi wa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Mwenye dagaa akalipwa chake, shangazi akabaki anakung'uta beseni.

Nikamuuliza kwa nini asianike kwenye vichanja, dagaa wakae juu ya mchanga. Akanitazama kama mtoto wa chekechea.

"Miti na nyavu za kichanja nikope kwa nani tena? Kwako?"

Nikanyamaza kimya. Kesho yake nikapanda meli kurudi Mwanza, kwa nauli niliyoazimwa na jirani yake mwenye michungwa.